Mali ya kumwachia asiyependa habari za hisa: uchambuzi wa kisa kimoja

Mzee alikuja kwangu kuomba ushauri, akiwa na jedwali la mali yake lenye mistari 27. Hisa za kampuni 19, mifuko ya uwekezaji 5, hatifungani 2 (yaani mikopo ambayo mwekezaji huipa serikali au kampuni), na kitu kimoja ambacho hata yeye ilibidi afikiri kidogo kabla ya kukumbuka alikinunua kwa nini. Ana miaka 68, mhandisi mstaafu, na kwa miaka thelathini amekuwa akijichagulia hisa mwenyewe. Alitaka jambo moja, au ndivyo alivyodhani: "Kijana wangu, nataka mali hii isinisumbue, na nikishaondoka watoto waikute inakwenda yenyewe."

Naeleza kisa hiki kwa ridhaa yake, bila majina na bila kiasi halisi cha fedha. Mali yote nitaihesabu kuwa 100.

Nyumbani wako hivi. Mkewe ana miaka 64 na hapendi kabisa mazungumzo ya soko. Akisikia neno "gawio", yaani faida ambayo kampuni humgawia mwenye hisa, huondoka sebuleni. Mtoto wa kwanza hufuatilia masoko kila siku na ana maoni kuhusu kila kitu. Wa pili anaishi nchi nyingine na hana habari na haya mambo. Wa tatu ni binti wa miaka 29 mwenye ulemavu wa akili, atakayehitaji mtu wa kumwangalia maisha yake yote. Wapo pia wajukuu wawili wadogo.

Ombi la mzee lilikuwa maombi mawili yaliyofungwa kamba moja. Mali isiyomsumbua yeye alikuwa nayo tayari, kwa sababu haikuwahi kumsumbua. Aliipenda. Kila asubuhi alikaa na jedwali lake kama mtu anayemwagilia bustani. Tatizo lilikuwa mali isiyomsumbua atakayebaki, na huyo si mtoto wa kwanza, ingawa mzee alikuwa ameshajiambia kwamba "mkubwa ataangalia". Mrithi wa kwanza ni mama. Ndiye atakayeamka siku ya kumi baada ya mazishi akakuta barua mezani zinazosubiri jibu. Kwa hiyo niliupitia kila mstari na swali moja tu: siku hiyo, mstari huu utamtaka mama aamue nini?

Hatifungani mbili zilikuwa na majibu mepesi. Zikiiva, fedha zinarudi, na mtu lazima aseme ziende wapi. Hayo ni maamuzi mawili yenye tarehe zinazojulikana. Hisa 19 ndizo zilizoniogopesha. Kampuni ikitoa hisa mpya, mwenye hisa huulizwa kama atanunua, na hupewa siku chache. Ikiunganishwa na nyingine, huulizwa achukue fedha taslimu au hisa za kampuni mpya. Ikianza kudorora haimuulizi mtu chochote, na hapo ndipo pabaya zaidi. Mzee alikuwa akizisoma dalili hizo mwenyewe. Mama hatazisoma, na wala hapaswi kulazimishwa azisome.

"Lakini mbili kati ya hizo zimezaa mno," mzee alisema.

Kweli zilikuwa zimezaa, na ndiyo sababu nilimwomba azihesabu. Hizo mbili peke yake zilikuwa 46 kati ya 100. Karibu nusu ya urithi wa familia nzima ilining'inia kwenye bahati ya kampuni mbili. Profesa wa fedha Hendrik Bessembinder alichapisha mwaka 2018 utafiti uliofuatilia hisa za Marekani tangu 1926, akaonyesha kwamba faida yote ya soko hilo, iliyozidi ile ya dhamana za muda mfupi za serikali, ilitokana na takriban asilimia 4 ya kampuni. Zaidi ya nusu ya hisa zilimpa mwenye nazo pungufu ya dhamana hizo. Mzee alizinasa mbili nzuri, na sikumnyang'anya sifa hiyo. Ila kujua lini hisa hizo zimeacha kuwa nzuri ni kazi iliyoko kichwani mwake, na kichwa hakiandikwi kwenye wosia.

Hapo ndipo unapoingia mfuko wa fahirisi, yaani mfuko unaonunua kampuni zote za orodha fulani ya soko (fahirisi), kila moja kwa uzito wake. Watu wengi huusifia kwa sababu ada yake ni ndogo. Kwa anayepanga mirathi, sifa yake kubwa ni nyingine: matengenezo hufanyika ndani kwa ndani. Kampuni inayokufa hupungua uzito hadi ikatoka, inayokua huingia na kupanda, na mwenye mfuko haulizwi lolote. Mmarekani John Bogle alipoanzisha mfuko wa aina hii kwa watu wa kawaida mwaka 1976, wengi sokoni waliuona mzaha. Kwenye barua yake ya mwaka 2013 kwa wanahisa wa kampuni yake, bilionea mwekezaji Warren Buffett alieleza maagizo aliyomwachia mdhamini atakayetunza fedha za mkewe: asilimia 10 kwenye hatifungani za serikali za muda mfupi, asilimia 90 kwenye mfuko wa bei nafuu unaofuata fahirisi ya kampuni kubwa za Marekani iitwayo S&P 500.

Mzee aliyajua maagizo hayo, na alitaka kuyanakili yalivyo. Nilikataa. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 fahirisi hiyo ilianguka kwa takriban asilimia 57. Mjane wa Buffett anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mali yake kwenye karatasi na asipunguze chochote katika maisha yake. Mama wa kisa hiki hawezi. Akiona nusu imeyeyuka, na kila mwezi lazima auze kidogo ili aishi, atauza yote kwa hofu, na sitamlaumu.

Pingamizi la pili lilikuwa kuweka yote katika soko la nchi moja. Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, na haikukipita kilele hicho hadi Februari 2024. Miaka 34. Aliyenunua akiwa na miaka 50 ili awaachie watoto, watoto wenyewe wangezeeka wakisubiri. Magawio yangepunguza maumivu, lakini si kwa kiasi cha kumfurahisha mtu. Kwa hiyo kama ni hisa, ziwe za dunia nzima, kila nchi kwa uzito wake sokoni. Siku hizi zaidi ya nusu ya uzito huo ni Marekani, na hilo humkera mtoto wa kwanza. Nilimwambia kwamba uzuri wa mfuko huo ni huohuo: Marekani ikishuka, uzito wake utashuka bila yeye kufanya chochote.

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa na mifuko sita, na ulikuwa kosa langu. Karatasini ulipendeza: hisa za nchi tajiri, hisa za nchi zinazoinukia, hatifungani fupi, hatifungani ndefu, zinazofuata mfumuko wa bei, na dhahabu kidogo aliyoiombea mtoto wa kwanza. Kisha nikajiuliza swali nililokuwa nikimuuliza mzee. Mifuko sita inayokwenda kasi tofauti huharibu uwiano wake kila mwaka, na mtu lazima auze iliyopanda anunue iliyoshuka. Nani? Nilikuwa nimefuta mistari 27 nikaandika sita inayodai kazi ileile. Sina ugomvi na dhahabu. Ugomvi wangu ni na kazi ya kila Januari inayokuja nayo.

Tukaanza upya, safari hii kwa kuangalia watu kwanza. Warithi hawa hawahitaji fedha kwa wakati mmoja. Mama atahitaji kula kwa miaka labda 25 au 30. Binti atahitaji kwa miaka 40 au zaidi, kidogokidogo, bila kukosa hata mwezi. Watoto wawili wakubwa na wajukuu hawahitaji chochote leo. Ndipo tukapata mafungu matatu.

Fungu la mama ni 40. Pensheni ya mzee itapungua kwa nusu atakapofariki, na tulipopiga hesabu ya matumizi, pengo lilikuwa 1.5 kwa mwaka. Ukigawa kwa 40, ni asilimia 3.75. Mshauri wa fedha William Bengen alionyesha mwaka 1994, kwa historia ya soko la Marekani, kwamba mstaafu aliyeanza kwa kutoa asilimia 4 na kuongeza kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, akiwa na hisa na hatifungani zinazokaribia nusu kwa nusu, hakuishiwa ndani ya miaka 30. Hesabu hiyo haikupunguza ada za mifuko, na historia ya nchi moja si ahadi kwa nchi nyingine, kwa hiyo nafasi kati ya 3.75 na 4 ni nyembamba kuliko ningependa. Ndiyo sababu 3 kati ya hizo 40, yaani matumizi ya miaka miwili, tuliziweka kwenye akaunti ya akiba. Soko likianguka, mama anakula akiba na haangalii kitu kingine. Zilizobaki 37 ziko kwenye mfuko mmoja uliochanganywa, nusu hisa za dunia na nusu hatifungani, ambao hurekebisha uwiano wake wenyewe.

Fungu la binti ni 25, kwenye mfuko uleule, lakini halitakuwa kwa jina lake. Litakuwa ndani ya amana, yaani mpango wa kisheria ambao wadhamini, hapa wawili, hushika fedha kwa niaba yake. Sababu ni mbili. Hawezi kusimamia fedha, hilo liko wazi. La pili husahaulika: katika baadhi ya nchi, mtu mwenye ulemavu anayelipiwa na serikali hupoteza malipo hayo akirithi fedha moja kwa moja, na urithi wote huishia kulipia kile alichokuwa akikipata bure.

Fungu la tatu, 35, ni la watoto na wajukuu, nalo lote liko kwenye mfuko mmoja wa hisa za dunia, wa aina inayorudisha magawio ndani badala ya kuyatuma. Halina hatifungani hata moja. Halitaguswa kwa miaka 25, na kuanguka kwa asilimia 57 njiani kutamuumiza tu yule anayechungulia.

Kutoka mistari 27, sasa mifuko miwili na akaunti moja ya akiba. Mzee alinyamaza muda mrefu kidogo. "Ni hivi tu?" Nadhani aliona miaka thelathini ya asubuhi zake imefutwa. Tulikubaliana abakiwe na 5, zitokane na hizo 35 za fungu la tatu, achezee anavyopenda hadi siku yake, na ziuzwe zote mara akiondoka, bila mtu kuuliza alikuwa na mawazo gani juu yake.

Mifuko mitano ya zamani ilikuwa na ada ya wastani wa asilimia 1.5 kwa mwaka. Mifuko mipya iko kwenye 0.1 hivi. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka uiweke kwenye miaka ya mjukuu. Chukua 100 inayokua kwa asilimia 6 kabla ya ada. Baada ya miaka 40, kwa ada ya 0.1 inakuwa karibu 990. Kwa ada ya 1.5 inakuwa karibu 582. Asilimia 41 ya mali imekwenda kwa msimamizi wa mfuko, ambaye hakuwahi kuorodheshwa miongoni mwa warithi.

Kuhama hakukuwa bure. Kuuza zile hisa mbili kwa mkupuo kungeleta kodi kubwa ya faida, kwa hiyo tuliligawa zoezi kwenye miaka minne ya kodi. Hapa ushauri wa jumla hufika mwisho, maana nchi hazifanani. Marekani na Uingereza, mrithi huhesabiwa kwamba alipata hisa kwa bei ya siku ya kifo, na faida ya zamani hufutika. Mzee mgonjwa huko huenda asiuze kabisa. Kanada kwa kawaida huchukulia kwamba marehemu aliuza kila kitu kabla tu ya kufa, na kodi inakuja palepale. Mwulize mtu wa kodi wa nchi yako kabla hujabonyeza kitufe cha kuuza.

Na lipo shimo moja ambalo mzee alikuwa ameshatumbukia bila kujua. Kampuni 6 kati ya zile 19 zilikuwa za Marekani, na yeye si raia wala mkaazi wa huko. Mgeni wa namna hiyo akifa na mali iliyoko Marekani, hisa za kampuni za huko zikiwemo, inayozidi dola 60,000, serikali ya Marekani hudai kodi ya mirathi inayofika asilimia 40. Haijalishi dalali wake yuko nchi gani. Baadhi ya nchi zina mikataba inayopunguza makali, yake haina. Mifuko tuliyochagua inashikilia kampuni zilezile, ila imesajiliwa nje ya Marekani.

Hadi hapo nilijiona nimemaliza. Kisha nikaomba jaribio, zaidi kwa desturi kuliko kwa wasiwasi. Mzee akae chumba cha pili, simu yake izimwe. Mama, kwa maelezo aliyoandikiwa tu, atoe matumizi ya mwezi mmoja.

Alikwama hatua ya tatu. Akaunti ilituma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mzee, ile iliyozimwa.

"Na akifa si wataifunga hii laini?" mama aliuliza. Wataifunga. Na hata isipofungwa, akaunti yote ilikuwa kwa jina la mzee peke yake, na taasisi ikipata taarifa ya kifo huizuia hadi msimamizi wa mirathi athibitishwe, jambo linaloweza kuchukua miezi. Tulikuwa tumemjengea mama mali isiyomdai uamuzi wowote, kisha tukaifungia mlango akiwa nje.

Tukachimba zaidi. Fomu ya mnufaika kwenye mfuko wa pensheni, iliyojazwa kabla mzee hajaoa, ilikuwa na jina la mama yake mzazi, aliyefariki zamani. Bima moja ilimtaja kaka yake. Sehemu nyingi fomu kama hizo hushinda wosia: mtu anaweza kuandika wosia wa kurasa kumi, na fedha zikaenda kwa aliyetajwa kwenye karatasi ya miaka arobaini iliyopita. Kati ya yote tuliyofanya, kubadilisha majina mawili kwenye fomu mbili ndiko kulikookoa fedha nyingi kwa dakika chache zaidi.

Fungu la mama tukalihamishia kwenye akaunti iliyo kwa jina lake, leo, mzee akiwa hai. Mafungu mengine yakabaki yakifuata wosia, na wosia wenyewe ukapelekwa kwa mwanasheria, kwa sababu uhuru wa kugawa una mipaka. Ufaransa, mwenye watoto 3 hawezi kugawa kwa hiari yake zaidi ya robo ya mali. Kwa Mwislamu wosia hauvuki theluthi. Mafungu ya 40, 25 na 35 yangeweza kuwa batili katika nchi nyingine hata kama hesabu zake ni safi.

Kisha barua. Wosia husema nani apate nini. Barua humwambia mama afanye nini Jumatatu. Rasimu ya mzee ilikuwa na sentensi iliyopigiwa mstari mara mbili: "Mfuko huu msiuuze kamwe." Nilimsimulia habari za Benjamin Franklin, mvumbuzi na mwanasiasa wa Marekani aliyefariki mwaka 1790. Aliiachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja, zikae miaka 200. Aliagiza zikopeshwe kwa mafundi vijana waliooa, wasiozidi miaka 25, waliomaliza uanagenzi, kwa riba ya asilimia 5, na akapiga hesabu ya mapauni yatakayopatikana karne mbili mbele. Lakini dunia ya mafundi wenye wanagenzi ilififia, wakopaji wa aina aliyoitaka wakawa adimu, na wasimamizi wa miji hiyo wakashika njia tofauti. Mwaka 1990 Boston ilikuwa na takriban dola milioni 5 na Philadelphia takriban milioni 2. Fedha zilikua kweli, jambo la kustaajabisha, lakini pungufu mno ya hesabu yake. Mtu mwenye akili kama ile aliandika kazi ya kufanywa badala ya lengo la kufikiwa, na kazi ikaisha kabla ya muda.

Sentensi ya mzee ikabadilika. Sasa barua inasema mfuko wa wajukuu unafuata soko la hisa la dunia nzima kwa gharama ndogo, na ubadilishwe ukifungwa, ukibadili fahirisi, au ada yake ikivuka asilimia 0.4. Inasema pia kwamba mwaka wa kwanza usifanywe uamuzi mkubwa wowote, na kila atakayekuja na pendekezo zuri, ndugu akiwemo, aambiwe arudi mwaka ukiisha. Soko likianguka, soma tena aya ya akiba kisha uende kulala. Ukurasa mmoja. Nililazimika kukata mara tatu. Mhandisi hapendi kuacha skrubu bila maelezo.

Mtoto wa kwanza alikasirika, na sikushangaa. Aliahidiwa usimamizi, akaishia kupewa kazi ya kuangalia mara moja kwa mwaka kama ada hazijapanda na kama wanufaika bado ni sahihi. Nadhani ndiyo kazi bora angeweza kupewa. Ndugu anayewekeza fedha za ndugu zake hulaumiwa zikishuka na hashukuriwi zikipanda. Baba yake alimweleza hivyo kwa maneno makali kuliko yangu.

Jaribio la pili tulilifanya miezi miwili baadaye. Mama alitoa fedha kwa simu yake mwenyewe ndani ya dakika 35, na 20 kati ya hizo alikuwa anatafuta miwani. Malalamiko yake ni kwamba herufi za barua ni ndogo. Zimekuzwa, na sasa ni kurasa mbili.

Kilichobaki ni mdhamini wa pili wa amana ya binti. Anatakiwa awe mdogo kuliko mzee kwa miaka ishirini angalau, asiwe mrithi, na awe mtu ambaye binti anamfahamu na hamwogopi. Mzee ametaja majina manne. Mama ameyakataa yote manne, moja kabla hajamaliza kulitamka.